Mama wa Nanuli

Theluji ilifunga barabara ya Mestia saa tisa.
Dereva akazima injini, akawasha sigara,
akasema neno moja refu, konsonanti tupu,
abiria wote wakashuka.
Mimi nilishuka kwa kuwa wao wameshuka.

Simu yangu, yenye kujua lugha mia na moja,
ilikufa kwa baridi tangu Zugdidi.

Mwanamke wa kiti cha mbele akanishika kiwiko.
Akajigonga kifua: Nanuli.
Nikajigonga changu: Mwanakombo.
Alilitafuna jina langu, likamshinda mwanzoni,
akabakiza Kombo,
ambalo ni jina la mjomba wangu, fundi cherehani.
Basi usiku ule nilikuwa mjomba.

Nyumbani mwao jiko la kuni, jibini, vitunguu,
na Zauri, mumewe, aliyenitazama buti
kisha akaniletea yake.
Puri, alisema Nanuli, akiinua mkate.
Mkate, nikasema.
Tukabadilishana maneno kama watoto na gololi.
Neno lao la maji lilinikwama kooni
kama mwiba wa samaki;
nilikohoa, wakanipa maji,
na hivyo nikawa nimelitamka sawasawa.

Ukutani, picha. Mzee wa masharubu, kofia ya sufu.
Mama, alisema Nanuli.
Nikachungulia kama kuna mwanamke nyuma yake.
Mama, akarudia, akivuta masharubu ya hewa.
Kando yake mwingine, mzee zaidi: Babua.
Babu! nikapiga kelele.
Babua! Babu! Babua!
Zauri alikuja mbio kutoka zizini
akidhani kuna moto.

Nikatoa picha yangu katika pasipoti.
Amekaa mlangoni, kanga begani, anachambua mchele,
hataki kupigwa picha, inaonekana.
Mama, nikasema.
Walicheka mpaka kikombe kikaanguka.
Deda, alinisahihisha. Deda.
Nikadhani anauliza kama ni dada yangu,
nikakataa, akasisitiza, nikakataa,
tukazunguka hapo mpaka kuni zikaisha.

Kisha Nanuli akamimina divai,
matone machache juu ya mkate, taratibu,
macho yako kwa yule wa masharubu.
Hilo halikuhitaji mkalimani.
Akaigusa picha yangu kwa kidole kimoja,
akalaza shavu juu ya viganja vyake,
akafumba macho, akafumbua, akainua nyusi.

Nilifikiri ananiuliza kama nina usingizi.
Nikatikisa kichwa: la.

Uso wake ukafunguka wote!
Alinikumbatia, akamwambia Zauri,
Zauri akajaza glasi tena,
wakanywa wakiitazama ile picha
kwa furaha ambayo sikuielewa,
nami nikanywa, maana glasi ilikuwa mkononi.

Asubuhi katapila lilishapita.
Nanuli akaja na soksi za sufu, nyekundu kwa nyeusi,
kazi ya mikono yake.
Zangu, nilidhani, nikainama kuvua buti.
Akanizuia. Akaonyesha mfuko wenye pasipoti.
Akaonyesha miguu, akatetemeka kwa baridi, akacheka.
Deda, alisema. Kombo, deda.

Hapo ndipo nilipouelewa usingizi.

Miaka minne sasa tangu tumzike.
Ningemwambiaje? Nilikuwa na mkate, na maji,
na baba anayeitwa mama.
Sikuwa na *alikuwa*.
Ningeweza kulaza shavu langu viganjani
na kutofumbua macho.
Mikono niliiinua hadi kifuani
ikaishia kupokea soksi.
Madloba, nikasema: neno la asante,
la nne katika yote niliyobeba.

Basi liliteremka polepole, magurudumu na minyororo.
Watu walilala. Soksi zilikuwa mapajani,
bado zina joto la jiko.
Mama hakuvaa soksi siku hata moja maishani;
alisema zinabana vidole.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, kwa lugha yetu,
kuna mtu kakutumia hizi,
namba sijui kama ni yako.
Kijana wa kiti cha pili akageuka kunitazama,
akatikisa kichwa kwa heshima
kama mtu aliyesikia na kuelewa.